Simu, Picha ya Ubongo na Siri ya Mgonjwa

Mtu akisimama Kwa Mrombo, kusini ya jiji la Arusha, saa moja ya jioni, moshi wa nyama choma ukiwa umetanda barabarani na Mlima Meru umeanza kujifunika, ataona kwamba karibu kila mkono umeshika simu. Kijana wa bodaboda anaitazama kabla hajawasha pikipiki. Mama muuza ndizi anahakikisha kama fedha alizotumiwa zimeingia. Mchoma nyama ameibana ya kwake kati ya sikio na bega, huku akigeuza mbavu kwa mkono wa pili. Na simu hizo, hasa zile ziitwazo simu janja, hazikosi kazi hata zikiwa zimelala mfukoni. Zinaandika. Zinaandika mwenyewe yuko wapi, amekwenda hatua ngapi, amempigia nani na kwa muda gani, na ni mara ngapi ameishika simu usiku wa manane wakati wenziwe wamelala.

Wataalamu wa nchi za ng'ambo wameanza kuyasoma maandishi hayo ili kuyatambua maradhi ya akili. Wala hawakuishia hapo. Wanayachukua, wanayaweka kando ya picha za ubongo wa mtu yule yule, zilizopigwa kwa mashine ya MRI, na kutafuta ni wapi mambo hayo mawili yanakubaliana. Lengo wanalolitaja ni jema: kumtambua mgonjwa kabla hajaanguka, na kumjua yule aliye katika hatari ya kujidhuru kabla hajajidhuru. Gazeti hili halina ugomvi na lengo hilo. Lakini twaona kwamba jambo hili si la kuachiwa wataalamu peke yao. Linawahusu wananchi wa Kwa Mrombo, na pengine linawahusu zaidi wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, kwa sababu ya kisheria ambayo tutaifikia hapa chini, na ambayo twaomba wakubwa wa pande zote mbili za Muungano waisome kwa makini.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini wataalamu wameifuata njia hii. Daktari wa malaria ana hadubini, na daktari wa kisukari ana kipimo cha damu. Daktari wa akili hana kitu cha namna hiyo. Silaha yake kubwa ni kuuliza: umelalaje, unakulaje, moyo wako ukoje. Na mgonjwa, kama binadamu yeyote, husahau, huona haya, au husema lile analodhani daktari anataka kulisikia. Tangu mwaka 1990, Seiji Ogawa, mwanasayansi Mjapani, alipoonyesha kwamba mashine ya sumaku yaweza kuifuatilia hewa ya oksijeni katika damu ya ubongo, watu walitumaini kwamba hatimaye akili itapata hadubini yake. Ila mashine hiyo humwona mtu kwa saa moja tu, akiwa amelala chali ndani ya bomba lenye kelele, mahali asipokaa mtu yeyote katika maisha yake ya kawaida. Simu, kinyume chake, haiuoni ubongo hata kidogo, lakini hukaa na mwenyewe usiku na mchana kwa miezi. Ndiyo maana ikafikiriwa kuviunganisha.

Katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 2013, Andrew Campbell na wenzake waliwapa wanafunzi 48 programu ya simu na kuwafuata kwa wiki kumi za muhula. Mwaka 2019 watafiti wa chuo hicho hicho wakatoa taarifa ya kuunganisha simu na picha za ubongo, wakieleza uhusiano kati ya dalili za sonona, muda ambao mwanafunzi anaiacha simu wazi, na jinsi sehemu fulani za ubongo zinavyowasiliana. Mwaka 2020 Aaron Heller na wenzake walichapisha habari za watu wa New York na Miami waliofuatwa kwa simu miezi kadhaa, baadhi yao wakapigwa picha za ubongo. Walikuta kwamba siku ambayo mtu ametembelea mahali pengi na papya, moyo wake huwa mkunjufu zaidi. Na uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa wale ambao sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu za mahali na sehemu ihusikayo na furaha ya kupata kitu zinashirikiana vizuri. Haya ni mambo ya maana, na mwenye kuyabeza hajui kiu waliyonayo wauguzi wa wagonjwa wa akili.

Kiu hiyo sisi tunaijua. Mgonjwa wa Kwa Mrombo akizidiwa hata ikabidi apelekwe hospitali kuu ya taifa ya maradhi ya akili, ndugu zake humchukua kwa basi mpaka Mirembe, Dodoma, safari ya zaidi ya kilomita 400 kupitia Babati na Kondoa. Wengine huelekea Lutindi, Korogwe, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani na ambayo imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Mgonjwa wa Pemba hupandishwa boti hadi Unguja, kwenye hospitali ya Kidongo Chekundu. Aghalabu hao wote wamekwisha kupita kwa mganga, kwa shehe au kwa mchungaji, na wengine wamekwisha kufungwa kamba. Madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno kwa watu milioni 61 na laki saba waliohesabiwa mwaka 2022. Kama simu ingeweza kumwambia muuguzi wa zahanati kwamba fulani, aliyeruhusiwa mwezi uliopita, ameacha kulala na ameacha kutoka nyumbani, nani angeikataa?

Taabu inaanzia hapa: simu haijui kulala wala kutoka nyumbani ni nini. Inajua kwa kipimo cha watu ilikofunzwa.

Tumchukue mvuvi wa dagaa wa Nungwi. Usingizi wake haufuati saa ya ukutani, hufuata mwezi. Siku za giza yuko baharini na taa usiku kucha na hulala mchana; siku za mbalamwezi hupumzika na hulala kama watu wengine. Programu iliyofunzwa kwa wanafunzi wa Dartmouth itasema mtu huyu amevurugika usingizi nusu ya mwezi na amepona nusu ya pili, na itaendelea kusema hivyo mwaka mzima. Akienda dago akakaa wiki tatu kisiwani, simu akaifunga katika mfuko wa nailoni isiingie maji, ataandikwa kuwa ni mtu aliyejitenga na jamii, asiyepiga wala kupokea simu. Kumbe yuko na wavuvi wenzake kumi na watano, wanapika chungu kimoja na kutaniana mpaka alfajiri.

Au tuuchukue mwezi wa Ramadhani. Mji mzima wa Unguja huchelewa kulala. Watu hurudi kutoka tarawehe, hukaa barazani, huamka kula daku, husali alfajiri, kisha hujinyoosha tena. Simu zinafunguliwa saa nane na saa tisa za usiku, na kwa kipimo cha Ulaya hiyo ni dalili mbaya. Mashine itapiga kengele ya ugonjwa kwa maelfu kwa maelfu ya watu kwa siku 29 au 30 mfululizo, kisha Idi ikipita itatangaza kwamba wote wamepona kwa pamoja. Tunacheka, lakini ripoti ya namna hiyo ikipigwa muhuri wa chuo kikuu kikubwa haitachekwa na mtu. Itasomwa katika mikutano, na huenda ikawa ndiyo msingi wa kugawa fedha.

Kwa Mrombo nako si salama. Kijana wa bodaboda hupita mahali papya kila siku: asubuhi Njiro, mchana Sakina, jioni Muriet. Kwa hesabu za New York na Miami huyu angekuwa miongoni mwa watu wenye furaha kuliko wote jijini. Lakini hiyo mizunguko si yake, ni ya abiria. Yeye anafukuza hesabu ya tajiri, ambayo lazima ipelekwe jioni hata kama mvua imenyesha kutwa, na siku aliyozunguka zaidi yaweza kuwa ndiyo siku aliyokuwa na dhiki zaidi. Tena simu yenyewe ni ya nani? Nyumba nyingi zina simu janja moja. Asubuhi iko kwa baba, mchana imebaki kwa mama, jioni mtoto anachezea michezo. Wengine wana laini tatu na huzibadilisha kwa kufuata bei ya bando. Wengine huizima simu kwa kuwa chaji imekwisha na wakala wa kuchajisha amefunga. Watafiti wakikuta simu imefunguliwa mara sabini kwa siku, wataulinganisha mwenendo huo na ubongo wa nani katika nyumba hiyo?

Haya si maneno ya wivu wa watu wa nchi maskini. Wanasayansi wenyewe wamekwisha kuyasema. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliandika kwamba elimu ya nafsi ya binadamu imejengwa karibu yote juu ya watu wachache wa nchi za Magharibi, walioelimika na wenye mali. Walikumbusha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake, wakitumia picha za watu wapatao elfu hamsini, walionyesha kwamba kuuhusisha ubongo na tabia ya mtu kwahitaji kuchunguza maelfu ya watu. Tafiti nyingi za aina hiyo zilikuwa zimechunguza watu kama 25 hivi, na kwa hiyo majibu mengi hayakurudiwa yalipojaribiwa upya.

Na wasomaji wetu wa pwani watapenda kusikia habari ya samaki. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake wa Marekani walinunua samaki mzima aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, wakamlaza ndani ya mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za watu na kumwuliza watu hao wanahisi nini. Hesabu zilipofanywa ovyo, ubongo wa yule samaki ulionekana kana kwamba unafikiri. Zilipofanywa kwa uangalifu, dalili zote zikatoweka. Watafiti hao walitaka kuwaonya wenzao, na walifaulu. Sisi tunaichukua habari hiyo kama onyo kwa kila afisa atakayewekewa mezani picha ya ubongo yenye rangi nyekundu na manjano. Ile rangi haikupigwa na mashine. Imewekwa na hesabu, na hesabu hufanywa na watu.

Kuna ushahidi mwingine, nao watoka kwa mtu aliyekuwa jikoni kabisa. Thomas Insel aliiongoza taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani kuanzia mwaka 2002 hadi 2015. Baada ya kuondoka alikiri hadharani kwamba chini ya uongozi wake zilitumika takriban dola bilioni 20, utafiti mwingi mzuri wa ubongo na wa urithi wa damu ukafanyika, na hata hivyo idadi ya watu wanaojiua na ya wanaolazwa haikupungua. Akahamia kwenye makampuni ya teknolojia, na mwaka 2017 akajiunga na wenzake katika kampuni ya Mindstrong iliyotaka kumtambua mgonjwa kwa jinsi vidole vyake vinavyobonyeza simu. Kampuni hiyo ilikusanya mamilioni ya dola, na mwaka 2023 ikafungwa. Hatusemi haya kwa kumcheka bwana huyo, ambaye ukweli wake ni wa kupigiwa mfano. Tunasema kwa sababu kitu kilichoshindwa sokoni kwao kisije kikaletwa kwetu kama kipya.

Hata hivyo kuja kutakuja, hapana shaka. Simu zimekwisha kuenea, na mashine za picha zinapungua ukubwa na bei. Mashine za MRI zilizozoeleka huhitaji chumba maalumu, umeme usiokatika na mafundi, ndiyo maana katika nchi yetu ziko chache na nyingi ziko miji mikubwa, na kipimo kimoja hugharimu malaki ya shilingi. Lakini tangu mwaka 2020 kampuni ya Hyperfine ya Marekani ina ruhusa ya kuuza mashine ndogo yenye magurudumu, inayochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Mwaka 2022 kule Mbarara, Uganda, wahandisi wa chuo kikuu cha huko wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Pennsylvania waliiunga wenyewe mashine ya namna hiyo, kwa ajili ya watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Mashine hizi ndogo bado haziwezi kuufuatilia ubongo ukifanya kazi kama zile kubwa. Zinaonyesha umbo, damu iliyovuja, maji yaliyojaa. Lakini hatua za kwanza zimekwisha kupigwa, tena kwa majirani zetu. Siku moja gari litasimama Kwa Mrombo, na jingine litashuka bandarini Mkoani, likiwa na mashine, fomu za kutia saini, na programu ya kupakuliwa katika simu.

Siku hiyo sheria itasema nini?

Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Ni sheria ya kupongezwa. Lakini inasema yenyewe kwamba Zanzibar haitatumika katika mambo yasiyo ya Muungano. Sasa mwananchi na aifungue Katiba ya mwaka 1977, katika ile orodha ya mambo ya Muungano. Posta na simu imo. Utafiti umo. Afya haimo.

Tunawaomba viongozi wetu waitazame picha hiyo kwa utulivu. Mgonjwa amelazwa Kidongo Chekundu, hospitali iliyo chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Simu yake inasimamiwa kwa sheria ya Muungano. Anayemchunguza anafanya utafiti, ambao ni jambo la Muungano, lakini ni utafiti wa afya, na afya si jambo la Muungano. Kumbukumbu za mahali alipokwenda na saa alizolala zikichukuliwa ndani ya simu, ni taarifa za simu au ni taarifa za ugonjwa? Zikiunganishwa na picha ya ubongo wake na kupelekwa ng'ambo, ni nani mwenye mamlaka ya kuzizuia, na mgonjwa akidhulumiwa aende kulalamika wapi? Mwanasheria hodari aweza kutoa jibu moja, na mwanasheria mwingine hodari akatoa jibu jingine. Mwenye fedha na mawakili ataweza kusubiri ubishi huo uishe. Mgonjwa hawezi.

Twajua kwamba utafiti wa afya hauingii nchini bila kibali. Bara iko Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Visiwani iko Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na kila upande una kamati ya maadili. Kamati hizo zimefanya kazi nzuri katika habari za damu, mkojo na makohozi. Lakini damu hutolewa mara moja ikawekwa kwenye chupa, na chupa ikahesabiwa. Taarifa za simu huchuruzika usiku na mchana, bila sindano, na ndani yake yamo majina ya watu ambao hawakutia saini fomu yoyote: mke, mdai, rafiki, hawara. Kamati yaweza kumlinda aliyekubali. Je, yule aliyepigiwa simu na aliyekubali?

Kuhusu kukubali kwenyewe, tuna neno zaidi. Watu wa mwambao walikuwa na neno mumiani tangu zama za wakoloni, na vijana husikia kuwa ni upuuzi wa wazee. Si upuuzi mtupu. Neno lile lilieleza hofu ya watu waliochukuliwa kitu cha miili yao bila kuelezwa kinakwenda wapi. Watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, wamejifunza kuiheshimu hofu hiyo, wakajenga utaratibu wa wawakilishi wa jamii wanaokutana na watafiti na kuwauliza maswali. Utafiti mkubwa wa urithi wa maradhi ya akili uliofanywa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, uitwao NeuroGAP, uliweka sharti jema: kabla mtu hajaandikishwa aliulizwa maswali kumi ya kupima kama ameelewa anachokikubali. Huo ni mfano wa kuiga. Mfano wa kukimbia tuliuona Nairobi mwaka 2023, ambapo maelfu ya watu walipanga foleni kupigwa picha za mboni za macho na kampuni ya Worldcoin kwa ahadi ya fedha za kidijitali zenye thamani kama ya shilingi elfu saba za Kenya. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zilizochukuliwa zifutwe. Mwenye njaa akiahidiwa fedha, hasomi fomu.

Na liko jambo zito kuliko yote hayo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, katika kifungu cha 217, tangu zama za ukoloni imelihesabu jaribio la kujiua kuwa ni kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangua kifungu cha namna hiyo cha nchi yao Januari 2025. Sasa lengo kubwa la utafiti wa simu na ubongo ni kumtambua mtu anayetaka kujiua. Kwa hiyo mtafiti mwema, akifaulu, atakuwa na kumbukumbu zinazoonyesha kwamba fulani wa Kwa Mrombo alikuwa daraja la Themi saa nane ya usiku wa siku fulani, akiwa hajalala siku nne. Kwa daktari kumbukumbu hiyo ni wito wa kumwokoa mtu. Kwa mpelelezi ni kielelezo cha mahakamani. Hatuoni ni vipi mtu mwenye akili timamu, achilia mbali mgonjwa, ashauriwe kutia saini maadamu vitu hivyo viwili havijatenganishwa kwa sheria.

Tukiyasema haya tusidhaniwe kwamba twataka mlango ufungwe. Nchi ikikataa kuchunguzwa itaendelea kutibiwa kwa vipimo vya watu wengine, na huko ndiko tuliko leo. Tunachotaka ni kwamba kipimo kianzie kwetu. Arusha ina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, chini ya Mlima huo huo wa Meru. Moshi ina KCMC na chuo chake cha udaktari. Zanzibar ina Chuo Kikuu cha Taifa. Hawa ndio wanaofaa kuandika programu inayojua daku ni nini, dago ni nini, na hesabu ya tajiri ni nini, kisha waalike wenye mashine kubwa, si kinyume chake.

Na mfano wa kuanzia kwetu upo. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe aliweka mabenchi nje ya zahanati za Harare, akawafundisha mabibi wa mitaani kukaa na watu waliolemewa na mawazo na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Kupima walitumia maswali 14 yaliyotungwa kwa Kishona, kwa maneno ambayo Washona wenyewe huyatumia wakieleza uchungu wa moyo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipona zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka mipaka na kufika hata Zanzibar. Benchi halina sumaku wala intaneti. Lakini lina kitu ambacho utafiti wa simu mara nyingi hauna: mtu akigunduliwa kuwa anaumwa, yuko mtu wa kumhudumia hapo hapo.

Kwa hiyo tunaziomba Wizara mbili za Afya, ya Bara na ya Visiwani, pamoja na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, zikae meza moja kabla ombi la kwanza la utafiti wa aina hii halijapigwa muhuri. Ziandike kwa Kiswahili kisicho na kona taarifa za simu za mgonjwa wa Zanzibar ziko chini ya nani. Ziamue kwamba hakuna kumbukumbu ya utafiti wa akili itakayopelekwa polisi wala kuuzwa kwa kampuni ya bima au ya mikopo. Zimlazimishe kila mtafiti aonyeshe, katika bajeti yake na si katika hotuba yake, ni muuguzi gani atakayempokea mgonjwa atakayegunduliwa na kwa miaka mingapi. Na waraka huo ukiwa tayari, usianzie kusomwa hotelini. Usomwe kwanza Kwa Mrombo kwenye kijiwe cha bodaboda na Nungwi chini ya banda la wavuvi, wakati wa maji mafu wenyewe wakiwapo, na walioandika wakae wasikilize watakayoulizwa.